Nilirudi na vipimo vya watu wengine

Jiko la kwanza nililofunga baada ya kurudi nyumbani lilikuwa la mama yangu. Nilikuwa nimekaa ughaibuni miaka 11, na tisa kati ya hiyo nilikuwa nafunga makabati ya jikoni katika nyumba za watu. Muda wote huo nilibeba picha moja kichwani: mama amesimama mbele ya kaunta safi, droo zinajifunga taratibu bila kelele, kila chombo kiko pale mkono unapofika. Nikalijenga. Nikalifunga kwa siku nne, nikapangusa vumbi, nikamwita. Machozi yalimtoka, akanishika mkono, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu."

Miezi mitatu baadaye nilipita bila kumwarifu, nikamkuta amesimama juu ya kipande cha ubao, kisu mkononi. Nikamuuliza ubao ni wa nini. "Wa kusimamia tu," akasema. "Kaunta iko juu kidogo." Kumbe alikuwa anasimama juu yake tangu wiki ya kwanza. Hakutaka kunivunja moyo.

Kaunta ile ilikuwa milimita 908 kutoka sakafuni. Hesabu yake naijua hata usingizini: miguu ya kabati 150, sanduku lake 720, ubao wa kaunta 38. Ndivyo nilivyofundishwa huko, na kwa miaka tisa sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja kama kimo hicho kinamfaa. Mama ni mfupi. Akikunja mkono, kiwiko chake kiko sentimita 97 kutoka chini. Kanuni ninayoishika sasa ni kwamba sehemu ya kukatia ikae sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko, kwa hiyo kaunta yake ilipaswa kuwa kati ya 82 na 87. Mimi nilimpa karibu 91, na kila alipokata kitu alilazimika kupandisha mabega.

Ndugu kadhaa walioko nje, wanaofikiria kurudi na kuanza kazi kama hii, wameniuliza mtaji wa kuanzia na mashine za kununua. Nitafika huko. Lakini nikificha habari ya ubao wa mama nitakuwa sijawaambia lililo kubwa: mimi nilirudi na ujuzi mzuri na vipimo vya watu wengine, na kazi yangu tangu siku ile imekuwa kujifunza kuuliza upya.

Vipimo hivi vina historia. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu mjini Frankfurt, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, na majiko ya aina hiyo karibu 10,000 yakajengwa. Alianza na mtu: anapiga hatua ngapi, anainama mara ngapi, kazi inachukua dakika ngapi. Napenda sana kukumbuka hilo. Viwanda vilivyokuja baadaye vilihitaji masanduku yanayofanana ili vizalishe kwa wingi, na sisi mafundi tukarithi namba bila kurithi maswali yake.

Si kila namba ni ya kutupa, lakini. Mashine nyingi za kuosha vyombo na oveni za kujengea hutengenezwa kwa nafasi ya milimita 600 kwa upana, kwa hiyo nafasi hiyo usiichezee. Bawaba nyingi za kisasa zilizojificha zinataka tundu la kipenyo cha milimita 35. Matundu ya rafu yanapangwa kwa umbali wa milimita 32. Hayo ni makubaliano kati ya vifaa na vifaa. Kimo cha kaunta ni makubaliano na mwili wa mtu, na mwili hauandikwi kwenye katalogi.

Karakana niliyoanzia haikuwa yangu. Ni ya fundi aliyenifundisha useremala kabla sijaondoka. Nilimkuta pale pale, na randa ile ile, mvi zimeongezeka. Baada ya salamu aliniuliza swali moja: "Umerudi kufanya kazi au kuonyesha?" Nikamjibu kazi. Akasogeza vitu vyake, akaniachia nusu ya meza.

Wanaorudi hupenda kuanza na jengo lao, bango lao, na gari lenye jina ubavuni. Nawaelewa, hata mimi nilikuwa na tamaa hiyo. Lakini wateja wetu watano wa kwanza walikuja kwa jina la mzee yule. Yeye ndiye aliyejua nani hulipa na nani huahidi. Alijua mbao pia kuliko mimi, maana huko nje nilizoea bodi zilizokatwa kiwandani. Nilipomletea mchoro wa mlango wa mbao halisi, kipande kimoja kipana, alinionyesha mlango wa zamani uliopasuka katikati. Mbao huvimba na kusinyaa kwenye upana wake, kwenye urefu wake hubadilika kidogo mno. Ukiibana kwa gundi pande zote itajitafutia njia. Paneli ya katikati iache ielee ndani ya fremu. Mimi nilimpa biti ya milimita 35 na namna ya kupanga reli za droo. Hadi leo tunadaiana, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba deni la shukrani liko kwake.

Hasara iliyoniuma kuliko zote ilitokana na haraka. Mteja alikuwa anajenga, kuta zimesimama lakini hazijapigwa plasta. Nafasi ya makabati ilikuwa katikati ya kuta mbili zinazotazamana. Nilipima, nikachora, nikakata, nikafunga masanduku karakanani, nikajivunia kumaliza mapema. Tulipoyafikisha saiti, plasta ilikuwa imekula karibu milimita 15 kila upande, vigae na gundi yake vikala nyingine 10 hivi. Jumla milimita 50 zimetoweka. Kabati la mwisho lilibaki nje, na sikuweza kulipunguza bila kulivunja. Nilitengeneza jingine kwa fedha yangu, na mteja akasubiri wiki mbili bila jiko. Alikuwa muungwana, na uungwana wake uliniumiza zaidi.

Sasa sikati ubao hata mmoja kabla ya plasta kukauka na vigae kubandikwa. Napima upana mara tatu, chini, katikati na juu, kisha nashika namba ndogo kuliko zote. Napima pembe kwa hesabu ya tatu, nne, tano: sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, na mshazari ukitoa 100 kamili kona imekaa sawa. Mara nyingi haitoi 100. Ukuta ulionyooka kabisa ni nadra, hata huko nilikokuwa, kwa hiyo kila jiko naliachia kipande cha kujazia pembeni, milimita 30 hadi 50, ambacho nakichonga saiti kifuate mkunjo wa ukuta. Mteja akitaka bei kabla ya hapo nampa makadirio na kuandika neno hilo juu ya karatasi kwa herufi kubwa.

Duka la vifaa halikuwa kwenye mpango. Mafundi wenzetu walikuwa wakija kuazima biti, kisha kuulizia bawaba, kisha reli za droo, miguu ya kurekebisha, ukanda wa kufunika kingo za bodi. Nikaanza kununua ziada kidogo. Baada ya mwaka niligundua kuwa miezi ambayo hatukuwa na jiko hata moja la kufunga, rafu ile ya vifaa ndiyo iliyolipa pango.

Naweka tu vitu ninavyovitumia mwenyewe. Hili nimelijifunza kwa maumivu: niliwahi kununua bawaba za bei ya chini kutoka kwa msambazaji mmoja, zikaanza kulegea na kushika kutu kabla mwaka haujaisha. Msambazaji alikana. Nilirudi nyumba kwa nyumba nikabadilisha kila moja, kwa sababu waliyemfungulia mlango ni mimi. Fundi mwenzangu akija dukani namuuliza kwanza mlango wake una kimo gani na uzito gani. Wenye kimo cha sentimita 90 hivi unatosheka na bawaba mbili. Ukikaribia mita moja na nusu, tatu. Wakati mwingine jibu lake linafanya anunue kidogo kuliko alivyokusudia. Na anarudi.

Bodi siweki. Bodi moja ya MDF, ile ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ya milimita 18, ukubwa wa 2440 kwa 1220, ina uzito wa karibu kilo 40, inataka mahali pakavu, na inataka ilazwe bapa. Ukiiegemeza ukutani wiki kadhaa inapinda. Hapo ndipo mtaji wa wengi unapolala. Mimi naagiza kulingana na kazi, na hukatwa na kufunikwa kingo kwa mwenye mashine kubwa. Namlipa kwa kila mkato. Kwa hiyo vifaa nilivyoanza navyo vilikuwa msumeno wa mkono wa umeme wenye reli ya kuongozea, drili mbili, pimamaji ndefu, vibanio vya kutosha na kifyonza vumbi. Mashine kubwa tuliinunua mwaka wa tatu tu, baada ya kuona kuwa fedha za mikato zingeweza kuilipa.

Kwenye bei nilikosea mwaka mzima. Nilikuwa naongeza asilimia 30 juu ya gharama nikiamini faida yangu ni asilimia 30. Sivyo. Kilichogharimu 100 ukikiuza 130, faida ni 30 ndani ya 130, yaani asilimia 23 hivi. Ukitaka asilimia 30 ya bei ya kuuzia, gawanya gharama kwa 0.7, na 100 inakuwa karibu 143. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ilikuwa inameza nauli, bleidi za msumeno, na siku za kurudi kurekebisha mlango uliolegea. Advansi nayo si mshahara. Tunapokea nusu mteja akishasaini mchoro, asilimia 40 makabati yakifika, na 10 ya mwisho akishafungua na kufunga kila droo kwa mkono wake. Nusu ile ya kwanza inakaa kwenye akaunti ya peke yake hadi bodi na vifaa vya kazi hiyo vimelipiwa. Nimeona karakana nzuri zikifa kwa kununua bodi za mteja wa leo kwa fedha ya mteja wa kesho.

Na ndugu? Ukirudi, watu wanaamini umerudi na sanduku la fedha. Sikutaka kuwa mchoyo, wala sikutaka kufunga duka. Nikawaambia wazi: vifaa ndugu analipa, mkono wangu namsamehe, na kwa mwaka nafanya majiko mawili ya namna hiyo. Shangazi mmoja alinuna kwa muda. Tulishapatana.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Huko nje nilifanya kazi na mwenzangu aliyekuwa akikata kaunta za mawe ya kutengenezwa, kavu bila maji, siku baada ya siku, na nilimwacha akiwa hawezi kupanda ngazi bila kusimama kupumua. Mawe hayo mara nyingi yana silika nyingi, madini yaliyomo kwenye mchanga, na vumbi lake huharibu mapafu yasipone. Australia iliyapiga marufuku tangu Julai 1, 2024. Vumbi la mbao nalo limo katika orodha ya visababishi vya saratani vinavyotambuliwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC. Kwa hiyo kwetu hakuna kijana anayewasha msumeno bila barakoa ya vumbi na kifyonza, hata kama ni mkato mmoja, hata kama mteja amesimama mlangoni anasubiri. Mzee alipinga mwanzoni. Siku hizi yeye ndiye anayewakemea.

Jiko la mama nilirudi kulirekebisha wiki ile ile niliyoona ubao. Nilitoa miguu ya plastiki nikaweka msingi wa mbao wenye kimo cha milimita 80, kaunta ikashuka hadi 838. Ilinibidi kufupisha bomba la maji machafu chini ya sinki na kuziba upya kwa silikoni ukingo wote wa tundu lake, maana maji yakiingia kwenye bodi pale hayatoki. Kati ya kaunta na vigae vya ukutani ukabaki mstari wa ukuta mtupu wa milimita 70. Nikaukatia ukanda kutoka kipande cha kaunta kilichosalia. Haukufanana vizuri na vigae, unaonekana wazi.

Wateja wakitaka kuona kazi yetu nawapeleka kwake, na karibu kila mmoja anauliza ukanda ule ni wa nini. Mama anawasimulia mwenyewe, bila haraka. Kisha anafungua droo ya kwanza ya kushoto, anatoa futikamba yangu ya zamani, na kuwaambia wakunje mkono.