"Bei njoo DM" na wateja wanaopotelea kwenye simu

Fungua ukurasa wowote wa nguo au viatu Instagram uangalie chini ya picha. "Bei?" "Bei jamani?" "Hii sh ngapi?" Na jibu la muuzaji kwa wote ni moja: "njoo DM", yaani niandikie kwenye ujumbe wa faragha. Wengine wanakwenda. Wengi hawaendi, na muuzaji hana namna ya kuwajua.

Sababu za kuficha bei zinafahamika. Kuna hofu ya jirani kuiona na kushusha buku mbili. Kuna tamaa ya kupandisha bei mteja akionekana ana nazo. Na kuna imani kwamba komenti nyingi zinausukuma ukurasa. Hiyo ya tatu ina ukweli kiasi, ila komenti hailipi pango. Hofu ya jirani haina msingi: jirani ana simu, atajifanya mteja na bei ataipata ndani ya dakika mbili. Anayezuiliwa hasa ni mtu aliyesimama kwenye daladala, bando linayoyoma, ambaye amewauliza wauzaji watano kwa mpigo. Huyo ananunua kwa aliyejibu kwanza na kujibu kamili. Kwenye biashara za huku kwetu, kuchati ndiyo duka lenyewe, na kila swali ambalo mteja analazimika kuuliza ni ngazi moja zaidi ya kupanda kabla hajafika kaunta.

Tuanze na maandishi ya chini ya picha. Instagram inakubali hadi herufi 2,200, lakini kwenye simu inaonyesha kama 125 za mwanzo, zilizobaki zinajificha mpaka mtu abonyeze. Kwa hiyo herufi 125 ndizo kibao cha duka lako, na watu wanazipoteza kwa "Hello wapendwa wetu karibuni sana mzigo mpya umeingia" pamoja na emoji tatu za moto. Linganisha na hii:

"Makubazi ya ngozi ya kiume 35,000. Saizi 40–44, meusi na kahawia. Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Dar tunaleta, mikoani kwa basi."

Hesabu ukipenda, haifiki 125, nafasi zikiwemo. Ina kitu, bei, saizi, rangi, mahali na namna ya kukipata. Sifa, mapambo na salamu vifuate chini. Kama bei inabadilika kwa saizi au kwa jumla, andika zote mbili: "pea moja 35,000, kuanzia pea 6 ni 28,000 kila moja". Neno "jumla" bila idadi linazaa maswali mengine matatu.

Baada ya hapo mpe mteja njia ya kukufikia ambayo haimtaki anakili namba. Kiungo cha WhatsApp kinaandikwa wa.me/ kisha namba yako kwa mtindo wa kimataifa: 255 kwa Tanzania, 254 kwa Kenya, halafu tarakimu tisa zinazobaki. Kosa la mara nyingi ni kutoiondoa ile sifuri ya mwanzo (25507…). Kiungo kinafunguka lakini kinasema namba haipo, na mteja anaondoka akidhani duka limefungwa. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine, isiyo na namba yako, kabla hujakibandika popote.

Kiungo hicho kinaweza kubeba maneno tayari. Ukiongeza ?text= na baada yake maneno yako, huku nafasi kati ya neno na neno ukiiandika %20, mteja akibonyeza anakuta ujumbe umeshaandikwa, yeye ni kutuma tu. Hapa kuna faida ambayo wengi hawaitumii. Tengeneza viungo vitatu vyenye maneno tofauti kidogo. Cha Instagram kiseme "Nimeona makubazi Insta", cha Facebook "Nimeona makubazi Facebook", na cha vipeperushi "Nimeona makubazi kwenye karatasi". Mwisho wa mwezi unajua wateja wametoka wapi, bila kununua programu wala kumwajiri mtaalamu.

Upande wa WhatsApp Business, mambo ya kujaza ni machache na unayamaliza kwa jioni moja. Katalogi inabeba bidhaa hadi 500. Weka bei, na kila bidhaa ipe code fupi kama KB07, ili mteja asianze kukueleza "ile ya kahawia, si ile ya juzi, ile nyingine". Majibu ya haraka unaweza kuhifadhi hadi 50, ukiyaita kwa mkwaju: /bei, /saizi, /lipa, /mkoani. Lebo zipo hadi 20, lakini tano zinatosha: ameuliza, anasubiri kulipa, amelipa, mzigo umetoka, amepokea. Ukiwa na lebo kumi na nane hutazibadilisha, na lebo isiyobadilishwa inakudanganya.

Ujumbe wa kukaribisha unajituma wenyewe kwa anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa siku 14 bila kuchati nawe. Kosa la kawaida ni kuandika "Karibu, tutakujibu hivi punde", halafu saa tano zinapita kimya. Afadhali ujumbe huo ufanye kazi: "Karibu. Tuandikie code ya kiatu, saizi na ulipo, tukupe bei kamili pamoja na usafiri. Tunajibu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 1 usiku." Ukirudi kwenye simu unakuta majibu matatu yanakusubiri, si "mambo" peke yake.

Kuhusu saa, hili ni tatizo letu wenyewe na programu hazilijui. Wasifu wa biashara WhatsApp na ule wa Google unataka saa za kizungu. Mtu anayefungua saa mbili asubuhi akijaza 2:00, ramani inawaambia watu kwamba duka linafunguliwa usiku wa manane. Jaza 08:00. Ukiwa unachati kwa Kiswahili usiandike "mzigo utafika saa 4" ukaishia hapo. Andika "saa 4 asubuhi". Na mteja aliyeandika "10am" mrudishie kwa saa yake: "10am, yaani saa 4 asubuhi".

Sasa lugha yenyewe, ambayo ndiyo inayonifanya nikune kichwa kila nikiona majibu ya wauzaji. "Ndugu mteja" ni sauti ya benki inayokukumbusha deni. "Mpenzi", "kipenzi", "bby" zinavumiliwa kwenye vipodozi na urembo kati ya wanaojuana. Kwa mzee anayetafuta betri ya gari ni utovu wa adabu. "Kaka" na "dada" ni nzuri kama una uhakika, lakini Neema anaweza kuwa anatumia simu ya mumewe, na picha ya wasifu mara nyingi ni ya mtoto. Njia salama ni kumfuata mteja kwenye salamu aliyokuja nayo. Kaja na "Asalaam aleikum", itikia kikamilifu. Kaja na "Habari za kazi", mjibu "Nzuri, karibu". Kaja na "Mambo", "Poa, karibu" inatosha. Akikuamkia "shikamoo" usimcheke, itikia "marahaba" kisha endelea na kazi. Salamu na jibu vikae kwenye ujumbe mmoja: "Nzuri, karibu. KB07 saizi 42 ipo, 35,000. Uko wapi nikupe na bei ya kuletewa?" Muuzaji anayeandika "nzuri", akangoja, akaandika "karibu", akangoja, anamchosha mtu bure.

Ujumbe wa sauti una mahali pake: kuelekeza njia, kueleza tofauti ya ngozi halisi na ya bandia. Bei, saizi, namba ya kulipia na saa ya kupokea mzigo viandikwe. Aliye kwenye kikao au kwenye basi hawezi kusikiliza, na kesho akitafuta bei hawezi kuipekua ndani ya sauti ya sekunde arobaini. Na ukiwa huna jibu bado, usiache tiki za bluu zikae. "Nimeiona, naangalia stoo, nakujibu kabla ya saa 8 mchana." Kisha ujibu kweli kabla ya saa 8.

Malipo ndipo uaminifu unapopimwa. Ukitumia Lipa Namba, au Till kwa Kenya, mteja anaona jina kabla malipo hayajakamilika. Kama ukurasa unaitwa jina moja na simu inaonyesha jina lingine kabisa, anasitisha, na ana haki. Mwambie mapema: "Jina litakalotokea ni …" kama lilivyo, herufi kwa herufi. Faida nyingine ya namba ya biashara ni kwamba lile swali la "niweke na ya kutolea?" linaisha. Upande wako, usitoe mzigo kwa picha ya meseji. Picha inatengenezwa, na hata meseji inayoingia kwenye simu yako inaweza kuwa imetumwa na mtu kutoka namba ya kawaida. Angalia salio au taarifa ya akaunti, hasa Jumamosi jioni duka likiwa limejaa.

Mzigo wa mkoani ukishakabidhiwa ofisi ya basi, tuma vitu vitano kwenye ujumbe mmoja: picha ya risiti, jina la basi, namba ya gari, saa ya kuondoka na simu ya ofisi atakapopokelea. Ukituma vipande vipande utapigiwa simu nane.

Kwa kutangazia wateja wa zamani, orodha ya matangazo ya WhatsApp kwa kawaida inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Watu wanasahau hili, wanatuma kwa watu 200, wanajibiwa na 11, wanadhani biashara imekufa. Kumbe waliowasave ni wachache. Muombe mteja ahifadhi namba siku ya kupokea mzigo, akiwa amefurahi, na mpe sababu: "Tusave, saizi 42 zikiingia utaona status kabla hatujaposti Insta." Kumwingiza kwenye grupu bila kumuuliza ni jambo lingine. Namba yake unaianika mbele ya wageni, na siku hizi lina sheria: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

SMS za pamoja bado zinafanya kazi kwa wateja wasio na intaneti kila saa, ila zina mtego wa herufi. SMS moja ni herufi 160 za kawaida. Ukiweka emoji hata moja, mfumo wa herufi unabadilika na SMS moja inakuwa herufi 70. Zikizidi hapo, kila kipande kinabeba 67. Kinachowauma wanaoandika Kiswahili ni ile alama ya king'ong'o. Ukiiandikia kwenye kompyuta, programu huigeuza ikawa ya kujipinda, na hiyo haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Ujumbe wa herufi 150 wenye "ng'ombe" ya alama iliyopinda unahesabiwa SMS tatu. Kwa wateja 1,000 umelipia 3,000 kwa ajili ya mkia mmoja. Andika alama iliyonyooka, kisha jitumie mwenyewe kwanza uone mfumo umehesabu ngapi.

Kuboost, yaani kulipia posti isambazwe kama tangazo, nitakugusia kwa hesabu tu. Tuseme umeweka 40,000 na watu 20 wamekuandikia. Kila mazungumzo yamekugharimu 2,000. Akinunua mmoja kati ya watano, kila mnunuzi amekugharimu 10,000. Kama faida ya pea ni 12,000, umebaki na 2,000, na hujanunua mfuko. Kabla ya kuongeza hela kwenye tangazo, jaribu kufikisha wanunuzi wawili kati ya watano kwa kujibu vizuri: gharama ya mnunuzi inashuka hadi 5,000 bila kuilipa Facebook senti ya ziada. Na tangazo lisizunguke saa ambazo hakuna wa kujibu.

Lawama zikija kwenye komenti usizifute, maana aliyelalamika ana picha ya komenti aliyoihifadhi na hasira mpya. Jibu mara moja hadharani, fupi, lenye tendo: "Pole sana. Soli kubanduka ndani ya wiki ni kosa letu. Tumekuandikia DM, tunabadilisha au kurudisha hela leo." Mengine yote yahamie huko ndani. Likiisha, rudi pale pale uandike limekwishaje, maana atakayesoma wiki ijayo hajui mlimalizana.

Na mara moja kwa mwezi kaa chini na mazungumzo 20 yaliyokufa bila mauzo. Usisome yote, tafuta ujumbe wako wa mwisho kabla mteja hajanyamaza. Kama mengi yamekufa baada ya bei ya kiatu, angalia bei au picha. Yakifa baada ya "subiri kidogo", kinachokosekana ni mtu wa kushika simu. Na kama yanafia kwenye 7,000 ya bodaboda kwenda Mbagala, panga siku mbili kwa wiki za kupeleka mizigo ya upande ule kwa pamoja, nauli mgawane.