Nilivyoifanya tovuti ya chama chetu cha akiba itumike na wanachama wasioona

Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Tanga kina wanachama wasioona, na nilipokabidhiwa kazi ya kuitengeneza upya tovuti yake nilitaka kwanza kusikia wao wanaitumiaje. Nilikwenda Ngamiani kwa mwalimu mmoja mstaafu anayetumia NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta ya Windows, nikaketi kando yake akafungua fomu ya mkopo.

"Kitufe," ilisema ile sauti. "Kitufe. Kitufe."

"Cha nini sasa, mwanangu?" akaniuliza. "Cha kutuma au cha kufuta?"

Vitufe vile vilikuwa na alama za picha tu, bila jina lolote kwenye msimbo, yaani maagizo ya ndani yanayoujenga ukurasa. Nilivipa majina, kisha nikakiunganisha kila kisanduku cha fomu na lebo yake, kwa sababu maandishi ambayo macho huyaona yamekaa jirani na kisanduku, programu haijui kuwa ni ya kisanduku hicho mpaka msimbo useme hivyo.

Nafuu kubwa kuliko zote ililetwa na badiliko dogo sana. Ukurasa ulikuwa umetangazwa kuwa ni wa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili chetu kilisomwa kwa matamshi ya kigeni, hata "riba" na "dhamana" hazikutambulika. Nilipoandika lang="sw" mwanzoni mwa msimbo, sauti ya eSpeak NG, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti ambayo mwalimu anaitumia ndani ya NVDA, ilihamia Kiswahili yenyewe. Namsihi kila anayetengeneza tovuti ya Kiswahili aanze kwa kukagua hapo.

Jedwali la mikopo ndilo lililonichelewesha. Lilikuwa picha ya karatasi iliyoskaniwa, nami nikaliandika upya kama jedwali halisi lenye vichwa, ili msikilizaji akifika kwenye kiasi chochote atajiwe pia ni cha mkopo gani. Maandishi ya kijivu nayo niliyakoleza hadi tofauti ya mwangaza kati yake na rangi ya nyuma ikafikia uwiano wa 4.5 kwa 1 unaotakiwa na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kwa kuwa wapo wenye uoni hafifu wanaosoma kwa macho.

Kulikuwa na pendekezo la kutengeneza ukurasa wa pembeni kwa ajili ya wasioona. Nililikataa, kwani ukurasa wa namna hiyo husahaulika pindi viwango vya mikopo vinapobadilika, na anayenunua hisa kama wenzake anastahili kupata taarifa ileile, siku ileile.

Zimebaki taarifa za kila mwezi, ambazo bado hupandishwa kama picha. Nimeshamwandalia katibu kiolezo cha kuziandikia, na tutakaa naye kabla ya mkutano mkuu.