Pete Rose, rekodi ya hiti na ligi inayokula hela za kubeti

Watu wa nyumbani wakisikia nashabikia besiboli wananicheka, eti mchezo gani huo masaa matatu watu wamesimama tu wanatema mbegu za alizeti. Wacheke. Mi huku Ohio nimeshanogewa, naishi Columbus ila timu yangu ni Cincinnati Reds, na ukishakuwa mtu wa Reds huwezi kuikwepa habari ya Pete Rose, kila mzee pale kazini ana maoni yake na anakupa hata kama hujamuuliza.

Kwa wasiomjua, huyu ndo mwenye rekodi ya hiti nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi kuu ya Marekani, 4,256. Hiti ni pale unapopiga mpira ukafika besi, kile kituo cha kukimbilia uwanjani, salama kwa nguvu zako, sio kwa sababu beki kachemka. Ukipata hiti 200 kwa msimu we ni mkali kweli kweli, sasa piga hesabu, misimu 20 ya namna hiyo mfululizo na bado hujamfikia, jamaa alicheza 24, kuanzia 1963 mpaka 1986. Halafu 1989 akafungiwa maisha kwa sababu alikuwa anabeti mechi za besiboli akiwa meneja (yaani kocha), tena mechi za Reds wenyewe.

Simtetei kwa hilo jamani. Wachezaji wanane wa Chicago White Sox walifungiwa maisha kwa kashfa ya kuuza fainali ya 1919, kwa hiyo hakuna mtu kwenye huu mchezo anayeweza kusema hajui kubeti kunaleta nini, sheria yenyewe inabandikwa vyumba vya kubadilishia nguo. Rose akakataa karibu miaka 15 kwamba alibeti, akaja kukubali 2004, na alikubali kwenye kitabu, yaani hata kuungama kwake ukitaka kukusoma ulipie. Baadaye akawa anauza mipira kaisaini na kuandika kwamba anaomba radhi kwa kubeti. Msamaha una bei! Mzee mmoja kazini anao mmoja, kauweka sebuleni kwenye kijisanduku cha kioo, na ukimtania anakasirika.

Ila kinachonikera mi ni ligi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu majimbo yahalalishe kubeti michezo, mwaka huo huo haujaisha ligi ya besiboli ikawa tayari imeshasaini mkataba na MGM, watu wa kasino. Ohio ikahalalisha kuanzia tarehe 1 Januari 2023, na unajua nani aliitwa kuweka dau la kwanza la halali pale Hard Rock Casino Cincinnati usiku ule wa mwaka mpya? Pete Rose! Akabeti Reds watachukua ubingwa. Yaani mtu bado kafungiwa kwa kubeti Reds na anapigwa picha akibeti Reds, kila mtu anacheka na kupiga makofi. (Ubingwa hawakuchukua, tumezoea.)

Ukienda uwanjani ndo utachoka. Uwanja wenyewe una jina la kampuni ya bima, Great American, pembeni kuna barabara inaitwa Pete Rose Way, nje kuna sanamu yake toka 2017 akiwa anajirusha kichwa mbele kama alivyozoea, na hapo hapo jirani kuna sehemu ya kubeti ya BetMGM, unatoka kupiga selfie na sanamu unaingia kuweka hela. Kwenye TV kila tangazo la pili ni odds. Mwaka 2024 kijana mmoja, Tucupita Marcano, akafungiwa maisha kwa kubeti mechi za ligi. Ni sawa afungiwe, nakubali kabisa, ila we ligi ukishachukua hela za kampuni za kubeti usinihubirie tena kuhusu heshima ya mchezo.

Na hata ile rekodi yenyewe biashara iliigusa. Septemba 1985 Rose alikuwa anaifukuzia rekodi ya hiti ya mchezaji wa zamani, Ty Cobb, 4,191, na yeye mwenyewe ndo meneja, ndo anayejipanga kwenye kikosi. Tarehe 8 walikuwa Chicago, hakupanga kucheza kwa sababu mrushaji (yule anayemrushia mpigaji mpira) wa wapinzani wao, Cubs, alikuwa wa mkono wa kushoto na siku hizo dhidi ya hao alikuwa anajipumzisha. Yule mrushaji kumbe kaanguka na baiskeli, wakaleta wa mkono wa kulia, Rose akaingia akapata hiti mbili, akamfikia Cobb ugenini huku tiketi za kushuhudia historia zinauzwa Cincinnati. Akaja kuivunja nyumbani tarehe 11, watu zaidi ya 47,000. Sasa utamu uko hapa, watafiti walikuwa wameshagundua kabla ya hapo kwamba hiti mbili za Cobb zilihesabiwa mara mbili, zake halali ni 4,189, kwa hiyo rekodi kiukweli ilishavunjika kule kule Chicago. Ligi haikutaka kusikia, ikabaki na namba yake.

Sisi Wabongo tusijifanye tunashangaa sana, Simba na Yanga wote walivaa SportPesa kifuani toka 2017 na tulinunua jezi tukavalisha watoto. Washkaji zangu kule Mwanza kila wikiendi ni mkeka, timu moja imewachania wanalia.

Rose alifariki Septemba 2024. Mei 2025 kamishna Rob Manfred akatangaza kwamba kufungiwa maisha kunaisha mtu akifa, kwa hiyo jina lake limetolewa kwenye orodha na kamati ya Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa besiboli lililoko Cooperstown, inaweza kumjadili Desemba 2027. Mi ningempitisha, kwenye kile kibao chake waandike 4,256 na chini yake waandike alibeti akafungiwa, yote mawili. Yule mzee wa kazini kasema akipita anaomba likizo tuendeshe gari wote mpaka Cooperstown. Nimemwambia mafuta nachangia, ila fulana ya ukumbusho ajinunulie mwenyewe.