Hodi Barabarani

Wiki hii mwalimu wa darasa la tatu kawapa watoto kazi ya kuchora mji wanaoutaka. Binti yangu kachora maghorofa, miembe miwili, barabara pana, na kando yake njia ya waenda kwa miguu. Juu ya njia hiyo kaziweka bodaboda mbili. Nikamuuliza zimefikaje hapo. Akanitazama kama mtu aliyeuliza samaki anafanya nini majini. "Mama, si ndipo zinapopita?"

Nikamkumbuka Bibi wa Kiponda, kule Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Alikuja Dar mwaka 1996, kwa boti, na kikapu cha ukili kilichonukia halua. Tukaenda kumpongeza shangazi aliyejifungua, Magomeni Mapipa. Daladala ikatushusha, na mlango wa shangazi tukauona palepale: wa buluu, pazia linapepea. Ulikuwa ng'ambo ya Barabara ya Morogoro.

Bibi akanishika kifundo cha mkono. Akateremsha kandambili moja kwenye lami, akairudisha. Akateremsha tena, akairudisha. Fundi baiskeli chini ya mti akaacha kupiga pampu, akatutazama. Malori ya bara yalipita yakatupulizia buibui usoni. Nakumbuka lile giza jeusi lenye harufu ya udi, kisha jua, kisha giza tena. Jasho la kiganja chake lilikuwa linanitiririkia vidoleni. "Mjukuu wangu," akasema, "watu wa huku hupita wapi?" Nilikuwa na miaka tisa. Nikamwambia hupita mbio.

Basi Bibi akajiweka sawa buibui lake, akanyoosha mkono wenye kikapu, akapaza sauti: "Hodi! Hodi jamani, twapita!"

Kwao hivyo ndivyo ilivyo. Hamali akija na gari lake la mkono hupiga hodi, nanyi mkajibanza ukutani, na kama hamjajuliana hali bado, yeye atasubiri. Konda mmoja akachomoza kichwa dirishani, akaitikia kwa adabu zote: "Karibu, bibi!" Gari halikupunguza hata kidogo.

Tulivukaje? Tulipanda daladala nyingine hadi kwenye mataa ya Kawawa, tukavuka, tukarudi kwa miguu. Tulilipa nauli ili kuvuka barabara. Halua ilikuwa imeshaanza kuyeyuka, na Bibi hakusema neno mpaka alipompakata mtoto.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za miji, nikamwelewa zaidi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilikatwa kwa kipimo cha mtu na punda. Nyumba ndefu zinapeana kivuli, na zile baraza za mawe tulizokalia kucheza keramu, mvua ya masika ikijaza njia, watu huzipanda wakapita juu yake. UNESCO waliuweka mji ule kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na nikiri kwamba mimi nilikuwa nimeshauweka kwenye orodha ya vitu vya kizee. (Siku hizi nako vespa zinakufukuza vichochoroni, na hodi hazipigi.)

Na Barabara ya Morogoro si ile tena. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, kilomita kama 21 kwa jumla, kuna vivuko vya pundamilia na njia za miguu, na mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Nilifurahi kweli. Kisha nikashuka Mapipa, nikalazimika kuipisha bodaboda juu ya njia ya miguu. Kwa hiyo sijui nimwambie nini binti yangu. Yeye kachora alichokiona.

Nilimsimulia habari ya Bibi, basi. Akaichukua karatasi yake, akachora baraza, ndefu, ikikatiza barabara kutoka upande hadi upande.

"Sasa magari yatapita wapi?"

Hakunijibu. Alikuwa anatafuta penseli ya kahawia, achore birika la kahawa.