Siku moja maishani mwangu: kuiwahi protini kabla haijazima

Saa 1 asubuhi. Koti nimevaa, glavu nimevaa, nafungua inkubeta. Seli zimejipanga, ndefu na nyembamba, kama dagaa wanaoelekea upande mmoja. Ni seli za misuli laini, ile inayozunguka njia za hewa mapafuni, na zilitoka kwa mtu mwenye pumu aliyeridhia tuzichukue. Zikikuzwa vizazi vingi hubadilika tabia, kwa hiyo nilizo nazo zinahesabika.

Nikisema natafiti pumu, wengi hudhani natengeneza inhela. Kazi yangu ni kuifuatilia protini moja ndogo, RhoA. Hiyo ni swichi: ikishika GTP (molekuli ndogo yenye fosfeti tatu) imewaka, ikiikata fosfeti moja ikabaki na GDP imezima. Ikiwaka huamsha kimeng'enya kiitwacho kinasi ya Rho, nacho humzuia yule ambaye angeilegeza misuli, yaani kimeng'enya kinachoiondolea fosfeti myosini, protini inayovuta misuli. Ndiyo maana misuli huweza kubaki imebana hata kalsiamu iliyoanzisha mbano ikiwa imeshashuka.

Saa 2 hadi saa 4 natengeneza bafa (miyeyusho inayotunza kiwango cha asidi), najaza barafu, naandika namba kwenye vichupa.

Saa 4 na nusu kazi inaanza. Tangu jana seli hazina siramu (majimaji ya damu tunayozilisha), kwa sababu siramu ina asidi ya lisofosfatidi, na asidi hiyo huiwasha RhoA. Leo naiweka mwenyewe, kwa kipimo: sahani ya dakika 1, ya dakika 3, ya dakika 10, na moja isiyoguswa. Muda ukifika namwaga, nasuuza kwa maji ya chumvi ya baridi, naweka bafa yenye magnesiamu, nakwangua, nanyonya, natia kwenye kichupa ndani ya barafu. Mwanafunzi ninayemfundisha ameshika saa.

"Dada, kwani tukichelewa dakika tano kuna shida gani?"

Namwambia: tukizipasua seli, vile vizimaji vya RhoA navyo vimo humo humo kichupani. Vinaendelea na kazi yao. Baridi inavipunguza kasi tu. Ukizubaa, unapima swichi iliyokwisha kuzimwa mkononi mwako.

Tunakwenda kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi. Inatakiwa iwe nyuzi 4. Kioo kinasoma 22.

Kuna mtu alizima ubaridi jana akaondoka bila kuandika popote. Nilisimama pale nimeshika vichupa vyangu, nikibofya kile kitufe cha kupooza kana kwamba kubofya sana kutaiharakisha. 21. 20. Mashine ya pili ilikuwa na sampuli za watu wengine, bado dakika 25. Barafu ilikuwa inayeyuka. Nilijua kabla namba haijafika 15 kwamba sahani zile nne zimekwenda, na kwamba kuna mtu alitoa kipande cha mwili wake kwa ajili ya seli hizo. Nilikasirika, nakiri, na mwanafunzi alinyamaza kimya. Nilikuwa na sahani nne za akiba. Nilitaka kuzitunza kwa wiki ijayo.

Tukarudia. Safari hii mashine niliipooza mapema, nikaikagua mara tatu.

Mchana ulipita chumba cha baridi. Sampuli zinazungushwa saa nzima na shanga zilizobeba kipande cha protini ya rhotekini, ambacho huinasa RhoA iliyowaka tu. Tukingoja, mwanafunzi aliuliza mbona tusiwape wagonjwa dawa ya kuizuia kinasi ya Rho, yaishe. Swali zuri. Japani wanayo fasudili tangu 1995, kwa mishipa ya damu inayojibana ubongoni. Lakini kinasi hiyo imo pia kwenye mishipa ya mwili mzima. Ukiizuia kila mahali, shinikizo la damu linaweza kushuka. Salbutamoli, dawa ya inhela, hupitia mlango mwingine, wa vipokezi vya beta-2, na wapo wagonjwa ambao mlango huo hauwatoshi. Ninawafikiria hao.

Kusuuza shanga ndiko kunakonichosha kuliko yote. Ni vumbi jeupe chini ya kichupa, na ncha ya pipeti lazima inyonye maji bila kuligusa. Mara tatu, vichupa vinne, vidole vimekufa ganzi. Ukinyonya shanga, umenyonya majibu.

Sikutazama saa tena mpaka jeli, inayozitenganisha protini kwa ukubwa, ilipomaliza kukimbia na nje ni giza. Nikazihamishia protini kwenye memba, karatasi nyembamba; nilipoipaka rangi, mistari ya waridi ilitokea: protini zimehama vizuri. RhoA iko chini kabisa, kwenye kilodaltoni 21, haijitofautishi bado. Nikaimwagia memba kingamwili inayoitambua RhoA, nikaiacha ikitikiswa taratibu kwenye baridi mpaka asubuhi.

Kwenye daftari niliandika majaribio yote mawili, lile lililoharibika na sababu yake, kwa wino. Kisha nikabandika karatasi juu ya sentrifuji: "Tafadhali, acha ubaridi umewashwa."