Aliyekula mihogo ya babu

Juzi mwanangu kaniuliza, baba, mnyama akija shambani usiku na hamkumwona, mnajuaje ni yupi? Nikamjibu juujuu maana nilikuwa nawahi kazini, ila kutwa nzima kichwa changu kilikuwa kwenye shamba la babu kule Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa.

Asubuhi moja zamani hizo tulikuta mihogo imefukuliwa, na kabla chai haijachemka mwizi alishatajwa, kijana yatima wa jirani, yule ambaye kijijini kikipotea chochote anatafutwa yeye kwanza. Watu wameshika fimbo, wanamsubiri babu aseme neno tu.

Babu hakusema kitu. Akapiga magoti, akatoa udongo kwa vidole taratibu mpaka muhogo ukaonekana, umeliwa nusu na bado umeshikana na shina lake. Akaufuta kwa shati akanipa. Ganda limebanduliwa, na kwenye ile nyama nyeupe kuna michirizi mipana, miwili miwili imelala sambamba, kama imepigwa patasi. "Pitisha kidole, mjukuu wangu." Nikapitisha, nikausikia kabisa mfereji wa jino.

Ndo akawageukia wenzake. Mtu anang'oa shina anaondoka na mihogo yake, hawezi kukaa gizani anaguguna mbichi shimoni. Nyani na ngedere wanakuja mchana, wanang'ata kidogo wanatupa, vipande vinazagaa. Nguruwe pori anafukua kwa pua, udongo unabinuka eneo kubwa, kwato zinaonekana, na nyuzinyuzi alizotafuna anazitema palepale. Huyu kachimba kashimo pembeni ya shina na muhogo kaulia hukohuko chini. Nungunungu huyo, akasema. Tukazungukazunguka, karibu na mpaka wa shamba tukaokota mwiba, mweusi kwa mweupe, na fimbo zikashuka.

Mpaka leo najiuliza, tusingeupata ule mwiba wangeyaamini meno? Yalikuwepo pale wazi, kila mtu angeweza kuyagusa, lakini sikumwona mwingine akiinama. Labda walimheshimu tu babu kwa uzee wake.

Kijana hakuombwa radhi na mtu. Baadaye akahama kabisa, wakasema yuko Ifakara, na nungunungu wakaendelea kuja kila mihogo ikikomaa, na bado ukipita asubuhi ulikuwa unasikia watu wakilitaja jina lake.