Mguu kwanza, unyevu baadaye: nilivyopima nyuki wa kale wa makumbusho

Nyuki mkavu wa makumbusho hutoa vitu viwili: DNA kutoka mguuni, na umbo la bawa la kupimwa. Kinachoponza wengi ni kuanza na bawa. Bawa lililokauka miaka mia halikunjuki bila kulainishwa, na unyevu unaolainisha ndio huohuo unaokatakata DNA na kuotesha ukungu. Kwa hiyo nilikata mguu kwanza.

Hata kabla ya mguu, lebo. Nilipiga picha kila karatasi ya kwenye pini pamoja na rula ya milimita. Nyuki asiye na mahali wala tarehe hanifai, hata awe mzima namna gani. Pini za zamani zenye shaba huota kutu ya kijani, maana mafuta ya mwili wa mdudu huila shaba. Ukiivuta pini, kifua kinapasuka. Niliziacha. Glavu nilivaa muda wote: makusanyo ya zamani mara nyingi yalitiwa arseniki au zebaki, na pia sikutaka kusoma DNA yangu mwenyewe.

Nilichukua mguu mmoja wa kati, kwa kuwa wa nyuma huhitajika kwa vipimo vya urefu. Baada ya kila nyuki, mkasi ulipita kwenye klorini, kisha maji safi, kisha ethanoli. DNA ya zamani huwa imekatika vipande vifupi, mara nyingi chini ya jozi 200 za besi (besi ni herufi zinazounda DNA). Ukilenga vipande virefu utapata sifuri na kudhani mguu ni mtupu.

Ndipo kulainisha: kopo lenye kifuniko, mchanga uliochemshwa na kubaki na unyevu tu, chembe chache za thimoli za kuzuia ukungu, na kipande cha povu cha kuchomekea pini. Wengi walilainika kwa saa 24, wakaidi 48. Matone yakionekana kifunikoni, maji yamezidi, na nywele zitagandana.

Bawa la mbele la kulia nililitoa kwa kibanio penye shina, nikalibana kati ya slaidi mbili na kulipiga picha. Kisha, ili kupima umbo lake, niliweka alama 19 pichani kwenye makutano ya mishipa. Ncha iliyochakaa haisumbui, kwani makutano hayapo ukingoni. Bawa la kulia likiwa limechanika, nilitumia la kushoto, picha ikageuzwa kama ya kwenye kioo, na nikaandika hivyo.

Bawa lilirudi kwenye pini yake ileile, ndani ya kibahasha chenye namba ya nyuki.